Makumbusho ya Bujumbura: Nyumba ya Mfalme Haina Moto

Mtoto wa askari huhama mara nyingi kuliko mtoto wa mkulima. Leo baba yupo Bujumbura, mwakani amepelekwa Ngozi, mwaka unaofuata Rumonge. Na kila mara vyombo hufungwa, magodoro huviringishwa, na vile visivyoenea garini huachiwa jirani. Si ajabu basi kwamba katika nyumba nyingi za kambini hakuna kinu wala jiwe la kusagia, na chungu cha udongo kilikwisha vunjika katika safari ya kwanza. Mama akiwasimulia wanawe habari za jiko la bibi yao, wao humsikiliza kama watu wasikilizao hadithi ya nchi ya mbali.

Kwa familia za namna hiyo upo mlango mmoja uliofunguliwa jijini Bujumbura. Kandokando ya barabara ya 13 Oktoba, iliyopewa jina la siku alipouawa Mwana wa Mfalme Louis Rwagasore mwaka 1961, lipo jumba la makumbusho liitwalo kwa Kifaransa Musée Vivant, maana yake Makumbusho Hai. Lilianzishwa mwaka 1977. Ndani ya ua wake mna mamba na nyoka, bustani ya miti ya dawa, zana za wavuvi, vikapu, vyungu, ngoma, mafundi wa kazi za mikono, na nyumba ya nyasi iliyojengwa kwa mfano wa nyumba ya mfalme wa Burundi wa zamani.

Wageni wengi, na watoto wote, huelekea kwanza kwa mamba. Hapana ubaya katika jambo hilo. Mamba wa Ruzizi na wa Ziwa Tanganyika ana sifa yake, na mtoto aliyemwona kwa macho huku uzio umemkinga hatahitaji kuonywa mara mbili asioge mtoni. Lakini mgeni akiishia hapo na kurudi zake, atakuwa ameyaacha makumbusho yenyewe.

Siku moja ya mapumziko mke wa askari polisi mmoja aliingia humo pamoja na binti yake wa miaka kumi na miwili, mvulana wa miaka tisa, na kichanga mgongoni. Pamoja nao alikuwapo mama mkwe wake, mzee aliyekuwa ameshuka kutoka milima ya Muramvya kuja kumtazama huyo mjukuu mpya. Bibi huyo hakuwa amewahi kuingia katika jumba la makumbusho maishani mwake. Alipoambiwa kwamba kuna kiingilio, aliuliza kuna nini ndani. Alipojibiwa kwamba mna vyungu na vikapu na nyumba ya nyasi, alicheka hata akajishika mbavu.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe, "unalipa fedha ukatazame vitu vilivyoko kwangu jikoni?"

Waliingia hata hivyo.

Nyumba ya mfalme ndiyo iliyomfanya mzee aache kucheka. Ni nyumba ya duara, yenye umbo la mzinga wa nyuki, ambayo nyasi zake zashuka kutoka kileleni hata karibu ya ardhi. Mlango wake ni mfupi, na kila aingiaye sharti ainame, awe mkubwa au mdogo. Ndani mwanga ni hafifu. Matete yamefumwa kwa nakshi, na vyumba hutengwa kwa viambaza vya matete hayo hayo wala si kwa udongo. Mvulana aliinua kichwa akatazama juu kwa muda mrefu, akauliza misumari iko wapi. Bibi akamjibu kwamba nyumba ya namna ile haijui msumari. Imefungwa kwa kamba za miti tangu juu hata chini, na anayejua kufunga hujenga nyumba ikastahimili mvua za masika.

Kisha bibi akanusa hewa, mara moja na mara ya pili, akamgeukia kijana aliyekuwa akiwaongoza.

"Hapa hapawashwi moto?"

"La, bibi. Ni makumbusho. Moto ni hatari."

"Basi nyumba hii itaoza," alisema mzee, kwa sauti ya mtu atajaye jambo lililo wazi.

Naye alisema kweli. Moto wa katikati ya nyumba ya nyasi haukuwa wa kupikia na kuota tu. Moshi wake hupanda polepole, hupenya katika nyasi, huzikausha baada ya mvua, na hufukuza wadudu wanaotafuna matete na kamba. Masizi meusi ambayo mgeni wa mjini huyaona kuwa uchafu ndiyo rangi na dawa ya paa. Nyumba ya nyasi ikaliwayo na watu hudumu. Ikiachwa tupu, hata ikifagiliwa kila siku, paa lake huanza kulegea. Kwa hiyo wenye kulinda nyumba za namna hii katika majumba ya makumbusho hulazimika kuezeka upya mara kwa mara, jambo ambalo moshi wa jiko la mama lingeliahirisha bila gharama.

Hofu ya moto nayo si ya bure. Tarehe 16 Machi 2010 jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda, huko Kasubi mjini Kampala, liliteketea lote. Lilikuwa la nyasi, nalo lilikuwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Likaingizwa mwaka ule ule katika orodha ya urithi ulio hatarini, likakaa humo hata mwaka 2023. Kilichowezesha kujengwa upya hakikuwa fedha peke yake. Wa Buganda walikuwa bado na watu wa ukoo wa Ngeye, ambao kwa desturi kazi ya kuezeka nyumba za mfalme ni yao, na kwao ujuzi ule ulikuwa haujafa. Nyasi hupatikana popote. Fundi wa kuzifunga hapatikani popote.

Ipo ajabu nyingine katika nyumba hiyo ya Bujumbura, ambayo wengi huipita bila kuitafakari. Ufalme wa Burundi ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966, Michel Micombero alipotangaza Jamhuri. Mfalme Mwambutsa wa Nne, aliyetawala tangu mwaka 1915 hata mwaka huo wa 1966, alikwisha ondoka nchini, na alifariki Uswisi mwezi Aprili 1977. Mwaka huo huo wa kifo chake Jamhuri iliyofuta kiti cha mfalme ilifungua makumbusho yenye nyumba ya mfalme, na mwananchi yeyote akaruhusiwa kuinama mlangoni na kuingia. Zamani hakuingia humo ila aliyeitwa. Kama ni hila ya utawala au ni hekima, wasomaji wa historia wataamua; lakini mke wa askari na wanawe waliketi kivulini mwa nyumba ile wakala mihogo waliyofungasha, wala hakuna aliyewafukuza.

Wazo la kuhifadhi nyumba nzima, badala ya kuweka vipande vyake katika makabati ya kioo, lina umri wake duniani. Huko Sweden, Artur Hazelius alifungua mwaka 1891 mahali paitwapo Skansen, mjini Stockholm, akahamishia hapo nyumba za wakulima kutoka pande mbalimbali za nchi, kwa kuwa aliona viwanda vinazimeza. Afrika Mashariki yetu inao mfano mashuhuri tangu miaka ya 1960, nao ni Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ambako nyumba za makabila mbalimbali ya Tanzania zimesimama jirani. Burundi yenyewe ilikuwa na Makumbusho ya Taifa huko Gitega tangu mwaka 1955. Haya ya Bujumbura yalizaliwa baadaye, na tofauti yake iko katika lile neno "hai".

Neno hilo hutumika zaidi kwa ajili ya wanyama. Bibi wa Muramvya alilipa maana nyingine walipofika penye vyombo vya nyumbani.

Palikuwapo kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, ambacho kwa Kirundi huitwa igisabo. (Jina hilo hulingana na jina la pili la Mfalme Mwezi Gisabo, aliyeipigania nchi dhidi ya Wajerumani na kufariki mwaka 1908.) Binti alikitazama akasema ni pambo zuri. Bibi akasema si pambo, ni mashine. Akaketi chini, miguu ameinyosha, akaiweka mikono yake kama mtu ashikaye kitu kizito mapajani, akaanza kuyumba mbele na nyuma huku amefumba macho. Maziwa yaliyoganda hutiwa humo, mdomo huzibwa, na msukaji hukisukasuka kwa mwendo mmoja, usio wa haraka wala wa kivivu, hata siagi ijitenge. Anayejua hana haja ya kufungua kutazama. Sauti ya ndani hubadilika. Mwanzo ni ya maji yagongayo ukuta, mwisho ni ya kitu kizito kianguacho.

"Unasikiliza kwa tumbo," alisema, "si kwa masikio tu. Na hiki chenu, kijana, kimekauka mno. Kibuyu kisichotiwa maziwa hupasuka."

Kijana mwongozaji alitoa daftari mfukoni akaandika. Hapo mambo yaligeuka. Watu wengine wawili watatu waliokuwa wakipita walisimama, na mzee, ambaye asubuhi alicheka kwamba atalipishwa kwa kutazama vitu vya jikoni kwake, akawa ndiye mwalimu wa siku ile.

Aliwaonyesha jinsi jiwe la kusagia linavyotaka magoti chini na uzito wa mabega, si nguvu za mikono. Mwanamke atumiaye mikono peke yake huchoka kabla ulezi haujawa unga. Alieleza kwa nini chungu cha udongo hupika maharage vizuri kuliko sufuria ya bati. Udongo huchelewa kupata moto, na ukiisha kuupata huchelewa kuuacha, hivyo maharage huendelea kuiva hata kuni zikipungua. Mama anayenunua mkaa kwa kiasi kidogo kila siku aliitikia kwa kichwa. Akasema vilevile kwamba chungu kipya hakitiwi motoni siku kinaponunuliwa. Alipoulizwa na mjukuu vyungu vile vilifinyangwa na nani, alijibu kwamba kwao wafinyanzi walikuwa Watwa, wakileta vyungu mlangoni na kubadilishana kwa nafaka, na kwamba hakuna nyumba, ya mkubwa wala ya mdogo, iliyoweza kupika bila mikono yao. Ni vema jambo hilo lisemwe mbele ya watoto, kwa kuwa jamii hiyo ndogo imedharauliwa sana na wale wale waliokula katika vyungu vyake.

Mtungi wa pombe ya ndizi, pamoja na mirija yake mirefu, ulimpendeza mvulana kupita vyote. Watu kadhaa huweza kunywa katika mtungi mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na mrija wake. Katika mashauri ya wazee waitwao bashingantahe, ambao huamua kesi za kijijini huku wakigonga ardhi kwa fimbo ya haki, wagombanao wakiisha kupatanishwa hunywa pamoja mbele ya watu. Haikutosha kusema "nimesamehe" kwa mdomo. Sharti mdomo huo uinamie mtungi mmoja na mdomo wa adui.

Hapa ndipo vitu hivi vya jikoni viinukapo na kuwa jambo la taifa. Vita vilivyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993 vilichoma boma nyingi na kuwatawanya wenyeji wake. Wengine walikaa katika kambi za ndani ya nchi, wengine walivuka kwenda Tanzania, na watoto wengi walizaliwa huko. Kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu, haikufungwa hata mwaka 2012. Mtoto wa kambini alijua hema, sufuria ya msaada na foleni ya mgawo. Hakujua urugo, neno ambalo kwa Kirundi ni boma lenye ua, na pia ni familia yenyewe ikaayo humo. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, na mapatano yaliyoufuata, jeshi na polisi vikaundwa upya kwa kuwachanganya waliokuwa wakipigana. Leo wake wa askari hao huteka maji katika bomba moja. Huenda wasiulizane waume zao walikuwa upande gani mwaka 1998, lakini wote wawili, wakisimama mbele ya kibuyu kile, watakiita kwa jina moja, igisabo, na wote wawili bibi zao waliketi vile vile, miguu wameinyosha.

Ngoma nazo zimewekwa mahali pake, na hapo bibi alinyamaza kidogo. Kwa Kirundi neno ingoma ni ngoma na pia ni utawala. Aliyeshika ngoma ameshika nchi. Ngoma ya kifalme huchongwa katika gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, jina lenye maana ya mti uifanyao ngoma iseme, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti. Wapigaji hufika uwanjani wakiwa wameibeba kichwani huku wakiipiga. Ngoma ya katikati, inkiranya, ndiyo itoayo amri, amashako hushika mapigo yasiyokatika, ibishikizo hufuata. Askari aliyewahi kucheza gwaride ataelewa mpango huo bila kufafanuliwa. Mwaka 2014 UNESCO liliiandika ngoma hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Lakini wasichokijua vijana ni majina ya viungo vyake. Ngozi ya juu huitwa icahi, nalo ni jina la ngozi ambayo mama alimbebea mtoto mgongoni. Vigingi ni amabere, yaani matiti. Ukingo wake ni urugori, taji ya mwanamke aliyezaa. Kiwiliwili ni inda, tumbo. Na chini kuna umukondo, kitovu. Ngoma ya mfalme, kwa hiyo, ni mama mzima, kuanzia mbeleko hata kitovu. Mke wa askari, ambaye kichanga chake kilikuwa kimelala mgongoni katika kitenge, aliligusa fundo la mbeleko yake akatabasamu bila kusema neno.

Binti ndiye aliyeuliza.

"Bibi, kama ngoma ni mama, kwa nini wanaopiga ni wanaume tu?"

Swali hilo lina uzito kuliko umri wa mwulizaji. Desturi ya zamani iliwapa wanaume kazi hiyo, na haikuwapo sheria iliyoandikwa. Ilikuwa ni mila. Ni mwezi Oktoba 2017 amri ya Rais ilipoiandika: vikundi vipate idhini na kulipa ada kwa sherehe zisizo za serikali, na wanawake wasipige ngoma hiyo, bali wacheze michezo yao ya kike. Wako waliosema amri hiyo inalinda heshima ya ngoma, na wako waliosema inawanyima wanawake kitu kilichofanywa kwa sura ya mwili wao. Bibi wa Muramvya hakujiingiza katika mabishano hayo. Alisema tu kwamba zamani mwanamke hakuipiga kwa sababu mtu hampigi mama yake. Binti akajibu kwamba wavulana nao wana mama. Mzee akamtazama sana mjukuu wake, kisha akacheka tena kicheko kile cha asubuhi.

Zana za uvuvi walizipita haraka, kwani jua lilikuwa limepanda na Bujumbura, iliyo kando ya ziwa, ina joto lisilo na huruma kwa mtu wa milimani. Bustani ya dawa waliipitia pia. Mzee alikata kijani cha umubirizi kwa macho tu, akasema kwao huchemshwa kwa maumivu ya tumbo na uchungu wake hausahauliki. Mama akamkumbusha mwanawe kwamba homa ya malaria ni ya zahanati. Hakuna aliyempinga mwenzake.

Mwisho walifika kwa wasusi wa vikapu. Kikapu cha agaseke, chenye kifuniko kilichochongoka kama paa la nyumba ile ya nyasi, hushonwa wala hakifumwi: kitita cha majani membamba huzungushwa, na kila mzunguko hufungwa kwa ule wa chini yake kwa uzi wa mmea, mshono kwa mshono, kwa sindano nene. Kikapu kimoja chaweza kula majuma. Watalii hukinunua kwa ajili ya rangi zake. Bibi alikigeuza chini juu akatazama kitako, maana hapo ndipo mzunguko wa kwanza ulipo, na mshonaji mzembe hujulikana hapo. Alinunua kitita cha majani na sindano, akakataa kununua kikapu.

Alikaa kwa mwanawe majuma mawili zaidi. Kila jioni, askari anaporudi lindo na jiko la mkaa likiwa limewashwa uani, mzee na binti waliketi juu ya mkeka wakishona. Siku ya safari bibi aliacha kikapu juu ya kabati kikiwa na mizunguko kumi na minne: tisa ya kwake, mitano ya mjukuu. Mzunguko wa kumi umepinda kidogo, na binti amesema ataufumua.